Mtamba wa Bayu

Igawa, Jumatatu 5 Januari

Mvua tangu asubuhi. Maji yamefika kwenye kizingiti cha kinu, tumepandisha magunia ya watu juu ya mbao.

Leo Mwenyekiti alituita sote wa klabu kwenye chumba cha nyuma cha kinu chake cha mpunga, ambacho ndicho ofisi yetu. Alisema Bonde Stars imemchosha. Miaka minne ameibeba kwa mchele wake mwenyewe. Kuna kampuni ya Dar es Salaam inataka kuinunua timu na kuihamishia huko, na kama hadi mwisho wa Juni hatujapata mdhamini, atasaini. Igawa ina mizani ya magari, ina mpunga, ina vumbi kiangazi na tope masika, lakini kitu ambacho mtu wa mbali anakijua kwa jina ni timu hii tu.

Mwenyekiti ni Crispin Kalinga, mtu wa Iringa kama mimi. Ndiye aliyenileta hapa kuuza mchele dukani kwake, kisha jezi za klabu, kisha kuendesha ukurasa wa klabu mtandaoni, kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka.

Tulipokuwa tunainuka akasema pia amesajili mchezaji kutoka Indonesia. Kocha Ezron alicheka. Alipoona anacheka peke yake akaacha.

Jumanne 6 Januari

Mvua. Nimetafuta Indonesia kwenye ramani ya simu. Ni visiwa, na kila nikivuta picha karibu vinatokea vingine.

Jumamosi 10 Januari

Ameshuka kwenye basi la Dar saa tisa alasiri, kijana mwembamba wa miaka ishirini na minne, mwenye kovu refu kwenye goti. Anaitwa Bayu Wirasena. Mwenyekiti alimpata mwaka jana alipokwenda Surabaya kununua mashine ya kukoboa. Huko kwao aliwahi kuwa kipenzi cha watu, kisha goti likakatika, akakaa nje miaka miwili, na sasa klabu za kwao zinaogopa kumgusa.

Amepewa jezi namba kumi na moja, ambayo ni ya Shadrack. Shadrack ni winga wetu, mtoto wa Mzee Nkuba, mfugaji wa Kisukuma, na nusu ya jukwaa letu huwa ni watu wa bondeni waliokuja kumtazama yeye. Kocha alipomwambia alivua jezi palepale, akaikunja vizuri, akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia: "Dada Anjela, kumbe zile picha zangu ulikuwa unafanyia mazoezi."

Nimeona ni dhuluma. Nimeiandika hapa kwa sababu siwezi kuiandika kwenye ukurasa.

Jumapili 11 Januari

Jana niliweka picha moja tu: Bayu mbele ya kinu ameshika jezi yetu ya kijani, na kando yake mbuzi anakula pumba. Leo nimetoka misani, nimewasha simu, ikawa ya moto mkononi. Tulikuwa na wafuasi elfu nne, wengi wao watu ninaowajua kwa majina ya mama zao. Sasa ni zaidi ya laki moja, karibu wote wa Indonesia, na namba inapanda nikiitazama kama mita ya maji. Nilimpelekea Mwenyekiti simu mezani. Aliiangalia, akairudisha, akaendelea na ugali wake.

Wengi wanauliza kama goti limepona. Wengine wengi wanauliza jina la mbuzi.

Jumatano 14 Januari

Bayu alikuja dukani kununua sabuni. Kabla sijatafuta namna ya kumwelewesha, akaitaja mwenyewe: kwao ni *sabun*. Tukaanza kupimana. Habari, kwao *kabar*. Wakati, *waktu*. Alipoonyesha mikono pande zote na kusema *dunia*, nilikaa juu ya gunia. Nani aliyabeba maneno haya mpaka huko, na sisi hapa Igawa tunayatumia kila siku bila kujua yana ndugu?

Jumamosi 17 Januari

Mechi ya kwanza ya Bayu, nyumbani, sare ya bila kufungana. Ligi ya daraja letu haionyeshwi kwenye televisheni, kwa hiyo mechi za nyumbani naruhusiwa kuzirusha mubashara kwa simu, niliyoifunga kwenye nguzo ya jukwaa kwa mpira wa baiskeli.

Jukwaani walimzomea. Kila alipopata mpira watu wa bondeni waliimba jina la Shadrack, na mzee mmoja nyuma yangu akawa anasema huyu mtoto arudishwe kwa mama yake akanyweshwe uji. Bayu mwenyewe alikimbia kama mtu anayekanyaga mayai. Lakini kwenye simu! Watu elfu themanini walikuwa wanatazama uwanja wetu wenye jukwaa moja la mbao. Walikuwa wanasalimiana, kila mmoja akitaja mji wake. Mmoja aliuliza ile milima ya nyuma ni gani. Mwingine aliuliza kwa nini mwamuzi wa pembeni amevaa mabuti ya mvua.

Jioni nilimuuliza Mwenyekiti kwa nini amenunua mgonjwa.

"Wewe unaangalia mguu," akasema. "Mechi yetu inaanza saa kumi. Kwao ni saa mbili usiku, wamekula, wamekaa. Mimi nimenunua jioni yao."

Siku zote nimemwona ni mtu wa kupima magunia. Usiku huu sina hakika.

Jumapili 25 Januari

Leo ni siku ya ajabu, nitaiandika yote.

Tukiwa mazoezini, Mzee Nkuba alitokea upande wa goli la kaskazini na fimbo yake, akiswaga mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Sote tulijua amekuja kumchukua mwanawe. Shadrack mwenyewe alianza kufungua kamba za viatu. Mzee alikatiza uwanja bila haraka, mazoezi yakasimama, akamfikia Bayu, akamwekea kamba ya mtamba mkononi.

Kocha Ezron alidhani mzee amekosea mtu. Akamwambia kwa adabu kwamba huyu ndiye aliyemkalisha Shadrack benchi.

"Namjua," Mzee Nkuba akasema. "Amekaa mahali pa mwanangu. Anayekaa mahali pa mwanangu naye ni mwanangu, na mwanangu hakai bila ng'ombe."

Bayu hakuelewa neno hata moja, ila alielewa kamba. Alipiga magoti kwenye tope. Kisha Mzee Nkuba akachukua kamba ileile kutoka mkononi mwake, akamgeuza mtamba, akaondoka naye. Uwanja mzima ukacheka. Tulisema Wasukuma ndio pekee wanaotoa kitu na kurudi nacho nyumbani. Shadrack alisema yeye amezaliwa nyumbani kwa mzee na hajawahi kuletewa hata kwato mazoezini.

Picha nimeiweka. Kabla sijafunga duka watu wa Bayu walikuwa wamempa mtamba jina, Melati, ambalo ni ua lao jeupe, kwa ajili ya lile baka.

Jumatatu 2 Februari

Mvua. Watu wanapandikiza mpunga. Jezi za kijani zimekwisha.

Jumatano 11 Februari

Jezi zimekuja kutoka Mbeya mjini, zimekwisha tena. Basi la Tunduma likisimama, abiria wananunua kupitia dirishani. Madereva wa malori ya Zambia wanapiga honi wakipita kando ya uwanja. Maombi ya kutoka Indonesia tunayafungasha kila Ijumaa na kuyatuma kwa wakala wa Dar. Leo nimeandika kwenye kifurushi jina la mji uitwao Banyuwangi, mara tatu, kwa sababu mkono ulitaka kuliandika tena.

Watu wa duka la pembejeo la Mbeya, waliokataa mwaka jana hata kutununulia mipira, wamekuja wenyewe kuomba bango uwanjani.

Alhamisi 19 Februari

Ramadhani imeanza. Bayu anafunga.

Jumamosi 28 Februari

Tumeshinda mbili bila. Kocha Ezron amegundua jambo ambalo sasa sote tunajifanya tulilijua. Bayu yuko kwenye saumu na goti lake bado changa, kwa hiyo anacheza kipindi cha kwanza, na cha pili anaingia Shadrack. Beki wa wageni anachoshwa na mmoja halafu anakimbizwa na mwingine. Wakati wa kubadilishana Bayu alimkumbatia Shadrack kwenye mstari akamweleza kitu kirefu. Nilimuuliza Shadrack ameambiwa nini. "Kwamba yule beki hageuki upande wa kulia. Tumesemezana kwa mikono, dada, wewe endelea na simu yako."

Sasa watu wa Indonesia wanaandika jina la Shadrack pia, wakilikosea kwa namna nyingi.

Mama Mbuke, mke wa Mzee Nkuba, humletea Bayu maziwa ya futari kila jioni, umbali wote ule kutoka bondeni. Nilikuwa nimemwona mama yule mara nyingi sokoni na sikuwahi kumsalimia kwanza.

Alhamisi 12 Machi

Habari kubwa. Kampuni ya Surabaya inayotengeneza mashine ndogo za kuvuna mpunga inatuma watu wake kutuona. Watafika siku ya Idd. Mwenyekiti hakai chini. Amesema kutakuwa na karamu ambayo Igawa haijaiona, na kwamba mtamba wa Bayu atachinjwa. Nilirekodi maneno yake, simu ikayatafsiri, nikayatuma. Sikuona kosa. Kwetu Iringa ukimpa mgeni ng'ombe, umempa chakula.

Ijumaa 13 Machi

Sikujua simu inaweza kulia hivi. Kila sekunde, kama mvua kwenye bati. "Msimguse Melati." Maelfu kwa maelfu. Mtoto mmoja amechora mtamba mwenye baka na machozi. Wanawake wanaandika wamesitisha kununua jezi. Wengine wanasema wanajiondoa, na kweli wanajiondoa. Namba inashuka nikiitazama. Bayu alikuja, uso umemwiva, akasema maneno aliyokuwa ameyafanyia mazoezi njiani: "Dada, yule si nyama."

Mwenyekiti alisema ni kelele za watoto, zitaisha.

Jumamosi 14 Machi

Mzee Nkuba alikuja kinuni saa tano, amelowa mpaka kwenye mifupa. Aliketi alipoonyeshwa, akakataa chai. Nilikuwepo, nilisikia yote.

"Mwenyekiti, nasikia unataka kuwalisha wageni ng'ombe wa mwanangu."

Mwenyekiti alimweleza kwa heshima kwamba ng'ombe alikwisha kutolewa, tena mbele ya watu, na kwamba ni desturi.

"Ni desturi ya kwenu. Mimi nilimpa mtoto ng'ombe, nikamrudisha zizini kwangu nimtunzie. Yeye ni mgeni, atamfunga wapi? Akizaa ni wake. Akifa napeleka habari. Hata akienda mwisho wa dunia, ana mahali pa kuulizia." Akakamua maji kwenye pindo la nguo yake. "Na ana mimba."

Siku ile uwanjani tulicheka, na alichokuwa anafanya ni kumfungulia yule kijana nyumba.

Mzee alisema mtamba akichinjwa, Shadrack atarudi kuchunga, na watu wa bondeni hawatakanyaga tena uwanjani. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei.

Mwenyekiti aliuliza afanye nini.

"Mletee chumvi. Usitume mtu."

Jumatatu 16 Machi

Tulikwenda na pikipiki mbili mpaka pale barabara inapoishia kwenye maji. Kuanzia hapo ni miguu. Mwenyekiti alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani. Alijitwika gunia la chumvi ya mifugo begani, yeye mwenye vibarua wa kubeba magunia kuanzia hapa hadi Makambako, akaingia kwenye tope. Bayu, akiwa amefunga, alitaka kumsaidia. Mzee Nkuba aliyekuwa akitungoja ng'ambo alimzuia kwa kuinua fimbo. Shadrack alitembea nyuma ya Mwenyekiti na kila akiteleza alikuwa anasema taratibu, "Mpira uko chini, Mwenyekiti, inua kichwa." Mwenyekiti alicheka mpaka gunia likaanguka, akalinyanyua tena.

Zizini alimimina chumvi kwenye hori la gogo, nyingine akabaki nayo kiganjani. Mtamba alimkaribia, akanusa, akaanza kumlamba mkono. Mwenyekiti alisimama. Chumvi iliisha, mtamba akaendelea kulamba, na Mwenyekiti hakuuondoa mkono. Mvua ilikuwa imekatika. Mashamba yote ya Usangu yalikuwa yanang'aa kijani mpaka macho yanapoishia, na katikati mwanaume mzima amesimama kimya analambwa na ng'ombe wa mtu wa ng'ambo ya bahari.

Nilirusha picha hizo saa nane mchana. Kwao jua lilikuwa linazama, wamekaa kufuturu. Mpaka jioni yetu watu milioni tatu walikuwa wamezitazama. Nimeandika neno milioni, na nimelazimika kuweka kalamu chini.

Jumamosi 21 Machi

Idd. Mwenyekiti alinunua maksai kwa karamu. Wageni walikuwa wawili, na mkubwa wao ni mama mfupi mwenye miwani, Mama Ratna. Walilala Iringa, wakafika asubuhi. Walinawishwa mikono, wakaonyeshwa uwanja, na Mama Ratna akauliza kwa Kiingereza lini atapelekwa kwa Melati.

Nilimfuata siku nzima, maana mimi ndiye mwenye Kiingereza kidogo cha kidato cha nne. Alinieleza kwamba miaka mingi wamepeleka mashine zao kwenye maonyesho ya Afrika, wakasimama nazo, na watu wakapita. Sasa tangu Januari wakulima wa hapa Mbarali, na hata wa Ifakara, wanawaandikia wao wenyewe, kwa sababu wamemwona Bayu na wamewaona watu wa kwao wakibishana kuhusu mpunga wetu chini ya picha zake. Na huko kwao watu ambao hawakuwahi kufikiria Tanzania wanauliza bei ya mchele wa Mbeya. "Kijana mmoja," akasema, akainua kidole kimoja. Nilikitazama kile kidole.

Lakini ni mfanyabiashara. Udhamini ni wa majaribio mpaka mwisho wa Juni. Anajua Bayu amepona na klabu kubwa zinamtazama. "Watu humfuata mchezaji. Akiondoka huondoka naye. Nataka kuona nani atabaki."

Kampuni ya Dar nayo inangoja Juni ileile.

Jumapili 19 Aprili

Iringa, ugenini. Tumefungwa moja. Baridi ya kilimani. Mama yangu alikuja uwanjani na jezi ya Bayu, akamletea togwa, akaniambia nimekonda.

Jumatano 29 Aprili

Mvua ya mwisho, nadhani. Mpunga umeanza kuinama.

Jumatatu 18 Mei

Bayu ameondoka. Msimu uliisha juzi, tumeshika nafasi ya tano, na klabu ya Malaysia imemchukua kwa malipo ambayo Mwenyekiti aliyataja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Kituoni Mzee Nkuba hakumpa kitu cha kubeba. Bayu alimwamkia shikamoo sawasawa, kisha akasema, "Mzee, naomba habari."

"Utazipata."

Shadrack alipewa tena namba kumi na moja, na safari hii Bayu ndiye aliyeikunja.

Jumapili 24 Mei

Wafuasi wanapungua. Leo tu wameondoka elfu nne.

Jumanne 2 Juni

Wanapungua. Mavuno yamepamba moto, mashine mbili za Surabaya ziko mashambani, watu wanazifuata nyuma kama wanafuata bendi. Nikiweka picha za mashine hakuna anayeuliza kitu. Mwenyekiti haulizi tena namba; anatazama uso wangu, anarudi ndani.

Jumatano 10 Juni

Watu wa Dar wamepiga simu. Wanakuja na makaratasi wiki ijayo.

Ijumaa 12 Juni

Saa moja asubuhi, sijafungua hata dirisha la duka, Mzee Nkuba alikuwa amesimama nje. Hakuwa na ng'ombe nyuma yake. Alikuja peke yake, amevaa koti.

"Binti, mtumie mwanangu habari. Amezaa. Jike. Mama mzima, mtoto amesimama."

Nilimwambia asubiri nipate picha. Akasema habari haingoji picha. Basi nikaandika maneno yake kama yalivyo, nikayatuma kwa Bayu, na nikayaweka ukurasani. Kisha Shadrack akatuma picha kutoka zizini: ndama mwekundu, miguu imetawanyika, na kwenye paji la uso lile baka la mama yake.

Bayu alijibu kwa sauti akiwa mazoezini huko Malaysia. Alisema shikamoo Mzee, halafu akacheka, halafu hakuweza kusema tena. Mzee Nkuba aliishika simu sikioni muda mrefu baada ya sauti kuisha.

Nikafungua ukurasa. Sijui niandikeje. Walikuwa wanarudi. Wale walioondoka Mei walikuwa wanarudi, na kila mmoja alikuja na wengine. Shule nzima ya watoto imepiga picha wameshika karatasi zenye majina ya kumpa ndama. Wanauliza Shadrack atacheza lini, ligi inaanza mwezi gani, jezi mpya itakuwa na baka au haitakuwa. Saa tano Mama Ratna aliandika. Maneno machache: udhamini wa miaka mitatu, na aulizwe Mzee kama baka linaweza kuwekwa kwenye jezi.

Mwenyekiti alitoka kinuni, nyusi nyeupe kwa vumbi la pumba. Nilimsomea. Alikwenda kwenye ndoo, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaipangusa, kisha ndipo akampa Mzee Nkuba mkono.

Nilimwambia Mzee watu wanauliza maziwa ya kwanza atapewa nani, kwa kuwa mwenye ng'ombe yuko mbali.

"Wako wangapi hao?"

Nilitazama namba. Nilimwambia ni kama kuchukua watu wote wa Mbeya mjini, ukawasimamisha hapa mlangoni.

Aligeuka akautazama mlango, na barabara, na lori lililokuwa linapanda taratibu kuelekea mizani. Alifikiri kweli, kama mwenyeji anayepanga nani akae wapi.

"Wasalimie," akasema. "Waambie maziwa ya kwanza ni ya ndama. Wao wasubiri."

Nimewaambia. Wamesema watasubiri.